Makombamoyo Kumi na Manne

Juma lililopita niliwaacha njiani, mimi nikitoka Korogwe kwenda kwetu, na mlango wa mbao ukiwa kichwani mwa mpagazi. Naam, mlango. Kama ndiyo kwanza unanikuta leo, usihangaike, nitakuambia kwa ufupi.

Jina langu Mwinjuma, Mzigua wa Kwemkole, upande wa Handeni. Enzi za Mjerumani nilikuwa mkimbiaji. Nilianza kwa kubeba barua za bomani. Kisha Mzungu mmoja wa mkonge, njia ya Mazinde, akaniona nikipita, akanitoa kwenye barua na kuniweka uani kwake. Tulimwita Bwana Kengele, kwa sababu kengele ya shamba lake iliwaamsha watu kabla ya jogoo. Kazi yangu ikawa moja tu: kushinda mbio za sikukuu ya Kaiza pale Korogwe kila mwezi wa Januari, ili yeye apate kuwacheka Wazungu wenzake.

Nikashinda mara mbili. Ya pili alinipa rupia tisini.

Rupia tisini, ndugu msomaji! Mkata mkonge akikimaliza kipande chake, siku thelathini kamili za kazi, alipata rupia kumi na mbili, tena akiwa na bahati. Mimi sikukimbia hata saa moja.

Kichwa kikanivimba. Nikajenga nyumba.

Si nyumba ya msonge kama za wenzangu. Nyumba ya pembe nne, vyumba vitatu na baraza mbele, ukuta umepakwa chokaa hadi ukiutazama mchana macho yanauma. Mlango wa mbao, una bawaba na kufuli. Kwemkole nzima hapakuwa na kufuli hata moja, maana hapakuwa na kitu cha kufungia.

Kwenye paa nilifuata desturi. Kwetu mtu akijenga, kila nyumba ya kijiji humletea kombamoyo moja, ule mti mrefu unaoshuka kutoka mgongoni mwa paa hadi ukutani. Mwenye kujenga hanunui makombamoyo. Akinunua ni kama anatangaza kwamba hana watu. Kijiji kilikuwa na nyumba kumi na nne, basi yakaja makombamoyo kumi na manne. La mama yangu lilikuwa la kona, mti wa mkole ulionyooka. Alikuwa mjane, akaukata mwenyewe porini na kuubeba mwenyewe.

Nyumba ilipokwisha, watu walikuja kuitazama. Wakaigusa chokaa, wakapakana usoni wakicheka. Nilidhani wananipenda, na labda siku ile walinipenda kweli.

Kisha akaja mjomba Mhina.

Kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kuja kula pilau ya harusi akaondoka. Ukoo ni wa mama, na neno la mwisho ni la kaka yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Akida anakuja baada ya siku nane kuhesabu nyumba. Kesho tunabomoa."

Nilijua anasema nini. Kodi ilikuwa rupia tatu kwa kila nyumba, na aliyezikosa alipelekwa kuzifanyia kazi, ama kwenye mkonge, ama kwenye reli iliyokuwa inasukumwa kutoka Buiko kwenda Moshi. Kwa hiyo kila mwaka akida alipokaribia tulibomoa nyumba nane. Miti tuliificha porini. Majivu tuliyafagia, na pale palipokuwa na mafiga tukachomeka marando ya viazi. Watu wa nyumba kumi na nne wakalala katika nyumba sita, wamebanana kama ndizi kwenye chane, mpaka akida atakapopita.

"Nyumba yako ni kubwa," mjomba akasema. "Paka matope juu ya hiyo chokaa. Ng'oa huo mlango, weka wa mabua. Halafu jamaa wa nyumba tatu waingie kwako. Mama yako awe wa kwanza."

"Nipake matope nyumba ya rupia hamsini?"

"Matope yataoshwa. Akida akiondoka utapaka chokaa yako tena."

"Mjomba, mimi sijifichi. Rupia tatu ninazo. Nitalipa kodi yangu mchana kweupe."

"Hatuogopi kodi yako. Tunaogopa macho ya akida. Ukicheua nyama mbele ya mgeni, nani atamwambia kwamba jirani yako amelala njaa akaamini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kama matope yanakuchukiza," akasema, "basi zilipie hizo nyumba nane. Rupia ishirini na nne. Hakuna atakayebomoa, na chokaa yako itabaki."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu unazo."

"Ninazo kwa sababu nilikimbia. Wao walikuwa wapi nikikimbia?"

"Walikuwa wanakulimia shamba lako."

Hilo lilinipata, lakini nilikuwa nimekwisha kupanda juu na sikutaka kushuka.

"Mjomba, miguu hii itakimbia miaka mingapi? Mitano? Goti likiteguka, Bwana Kengele atanitupa kama ganda la muwa. Fedha hizi ni za uzee wangu."

"Na mgongo wa mkata mkonge utadumu mingapi? Naye ukimvunjika hutupwa. Tofauti yenu ni kwamba wewe ukianguka, Wazungu waliokaa vitini watasikitika kidogo."

"Sikumnyang'anya mtu!"

"Nani amesema umenyang'anya? Nakuuliza mimi, mtu mzima niliyelima miaka arobaini: asubuhi moja ya mbio inazidi kilimo cha miezi saba kwa mizani gani?"

"Kwa mizani ya mwenye kulipa."

"Haya. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe umecheza kwa watu, wakakutunza. Sasa umerudi kwenu, na kwenu wanakuomba kidogo."

"Miguu ni yangu, mjomba."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yangu haya, sikumsingizia mtu.

Mjomba akaitazama ile miguu muda mrefu, kama mtu anayetazama mbuzi mnadani.

"Mwaka wa njaa kuu ulikuwa mtoto wa miaka kumi na ulikuwa huwezi kusimama," akasema. "Miguu hiyo ilikuwa vijiti. Mama yako aliuza nguo yake ya pekee, akabaki na ngozi kiunoni. Mimi niliuza jembe. Ukala, ukasimama. Sikudai, mpwa wangu. Nakukumbusha tu ilikuwa ya nani mwaka ule."

Mke wangu Tatu alikuwa amemletea maji. Mjomba akainuka bila kuyanywa.

Kesho yake walibomoa. Hakuna aliyenilaumu, na hakuna aliyeniomba tena. Walipita mbele ya baraza yangu na miti begani, wakanisalimu vizuri, wakaenda zao. Ndugu zangu, afadhali mtu akutukane.

Jioni ile Tatu akakunja mkeka wake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama mkwe. Yuko kwa mjomba, wamelala kumi na mmoja. Nitakuwa wa kumi na mbili."

"Humu mna vyumba vitatu, Tatu."

"Ndiyo. Na ukikohoa katika kimoja, viwili vinakuitikia." Akavuka kizingiti, kisha akageuka. "Paka matope, mume wangu. Ni udongo tu."

Sikupaka.

Siku saba nikala peke yangu. Nikisonga ugali mwenyewe, nikikaa barazani, nasikia kicheko kutoka nyumba ya mjomba, watu kumi na wawili ndani ya moshi wa jiko moja, mtu amekanyagwa, mwingine anatukanwa kwa kukoroma, watoto wanaangua vicheko. Kufuli yangu sikuifunga hata siku moja. Nilitumaini kwamba mtu ataingia. Nilikuwa mpweke, na niliona haya kusema, kwa hiyo nikavaa shati la sikukuu nikakaa nikinyoosha shingo.

Siku ya nane akida akafika.

Akida Athuman alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, mwavuli, bakora mkononi. Nyuma yake askari wawili na karani mwenye daftari. Wakazunguka, wakahesabu nyumba sita. Mjomba akawafuata mikono nyuma, uso umelala, masikini wa Mungu asiye na kitu. Alikuwa fundi sana wa uso ule. Karani akaandika sita, na kazi ilikuwa imekwisha salama.

Akida akageuka aondoke kwa njia ya upande wangu, ambao hakuwa ameupitia. Jua likapiga chokaa yangu, ikampiga yeye machoni.

"Ile ni nyumba ya nani?"

Akaja. "Hodi!" akasema, akaingia bila kungoja. Nilimpa kiti. Nasema kweli tupu, nilifurahi. Alikuwa mtu wa kwanza kuingia nyumbani mwangu tangu Tatu aondoke.

"Ndiye wewe mkimbiaji wa Kaiza?" akasema. "Nimesikia habari zako. Pwani kwetu kuna masharifu hawana nyumba kama hii. Fundi wa wapi?"

"Wa Korogwe, Manundu."

"Na miti mizuri namna hii uliinunua wapi?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu ndilo lililokuwa mtaji wangu, basi Mungu akalihifadhi guu akauachia ulimi.

"Kununua?" nikacheka. "Sisi hatununui kombamoyo, Akida! Kwetu kila nyumba huleta lake moja. Lile pale la mjomba wangu. Hili la binamu yangu Kibwana. Lile la kona, limenyooka, ni la mama yangu mzazi. Mimi nina watu, Akida!"

Nilikuwa nimekaa siku saba bila mtu, ndiyo maana nikalisema kwa sauti kubwa. Mjomba alikuwa mlangoni. Nilimwona akifumba macho.

Akida akainua bakora yake taratibu, akaanza kuligusa moja baada ya jingine, midomo ikimcheza.

"Karani. Umeandika nyumba ngapi?"

"Sita, Bwana Akida, na hii."

"Hesabu hayo makombamoyo."

Karani akahesabu. "Kumi na manne."

Akida akatabasamu, akatoka nje hadi kwenye marando ya viazi yaliyonyauka. Akachokoa kwa ncha ya bakora. Likatoka figa, jeusi kwa masizi.

Hakupiga mtu, wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba nyumba nane zimefichwa, basi kila moja italipa sita badala ya tatu. Wanaume watano wenye nyumba hizo waondoke naye siku ileile wakazifanyie kazi kwenye mkonge. Waliobaki atawarudia.

Kibwana alikuwa mmoja wa wale watano. Mkewe Zamda akaanza kulia, kisha akanitazama. Wote wakanitazama.

"Mwinjuma," mjomba akaniita. "Sema neno."

Sasa hapa ndipo pa kuungama, na sitaki kuruka kitu. Chini ya sakafu yangu, chini ya mtungi wa maji, nilikuwa nimefukia rupia arobaini. Watu watano kwa rupia sita ni thelathini. Nilihesabu palepale nikiwa nimesimama. Nilihesabu mara mbili. Ningeweza kuwatoa wote watano na kubaki na kumi.

Kabla sijafungua kinywa, akida akatoa barua kanzuni.

"Na wewe mkimbiaji usihangaike," akasema, kila mtu akisikia. "Bwana wako ameandika bomani. Wewe hutaandikwa. Nyumba hii haina kodi."

Mwenye chokaa hana kodi. Mwenye marando ya viazi analipa maradufu. Hata askari mmoja alikohoa akatazama chini.

Nikasema, "Ahsante, Akida."

Maneno mawili. Mwaka huu nina mvi hadi kwenye nyusi, na bado nikiyakumbuka natema mate.

Wale watano wakaondoka. Tatu hakurudi hata kuchukua chungu chake. Siku ya tatu nami nikashika njia ya Korogwe, maana mwezi wa mazoezi ulikuwa umeanza.

Kwa Bwana Kengele nililishwa mayai na nyama ya ng'ombe, nikakatazwa kushika hata jembe. Ua wa miti ulinizunguka, na mbwa wawili. Aliogopa wenzake wasije wakaniwekea kitu kwenye chakula, kwa hiyo mfanyakazi yeyote aliyesogea alifukuzwa. Makundi ya wakata mkonge yalipita asubuhi yakiimba. Yakifika mbele ya ua wangu wimbo ulikatika. Yakishapita, ulianza tena.

Najua Kibwana alikuwa katika makundi hayo. Sikuchungulia. Niliona haya.

Lakini nilikuwa na mpango. Mwaka ule tuzo ilikuwa rupia mia na ishirini. Nitashinda, nikajiambia, nitarudi Kwemkole na mfuko, nitamwaga fedha mezani mbele ya akida, nitawatoa wote kwa mpigo. Niliyapanga hata maneno nitakayomwambia mjomba. Mpango ulikuwa mzuri, na ndani yake nilikuwa mimi katikati na watu wote wakipiga vigelegele. Sikuona kasoro yake.

Siku ya Kaiza Korogwe ilivaa bendera kutoka stesheni hadi sokoni. Wazungu vitini kwenye kilima kinachotazama mto, ngoma za kila kabila, mahindi ya kuchoma, askari viatu vinang'aa. Njia ya mbio ilikuwa ileile: kutoka stesheni, pitia Manundu, vuka daraja la mto Ruvu, ndio huo Pangani, fika kwenye nguzo ya bendera ng'ambo, askari akufunge kitambaa chekundu mkononi, urudi ulikotoka. Nguzo ilisimikwa hasa pale inapoanzia njia ya Handeni.

Tulikuwa kumi na mmoja. Niliyemwogopa ni mmoja tu, Habakuki, Msambaa wa shamba jirani, mrefu wa paja.

Nikatazama kushoto kwangu. Miguu imechanwa na miiba ya mkonge, mikono imefungwa matambara. Nikapandisha macho.

"Kibwana? Wewe? Hujawahi kuikimbia hata mvua!"

"Nisubiri njiani," akanong'ona. "Mwinjuma, tafadhali, nisubiri..."

"Kimya huko!" askari akafoka. Bunduki ikalia.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri Wazungu wamemnunua. Wamempata ndugu yangu, wamemtuma anicheleweshe ili Habakuki apite. Mtu akikaa ndani ya ua muda mrefu, hata nduguye humwona mwizi.

Nikaondoka kwa kasi ambayo sijawahi kuondokea. Kibwana akanifuata. Mtu asiye na mazoezi akatumia pumzi yote mwanzoni, akanifikia pale Manundu, anahema kama mivukuto ya mhunzi.

"Mwinjuma... mama..."

Nikaongeza mwendo. Nasema kweli: nililisikia neno mama, nikaongeza mwendo.

Darajani nilisikia mbao zikilia nyuma yangu, du, du, du, miguu ya mtu mzito anayekimbia kwa ukaidi tu. Sikugeuka. Nikafika kwenye nguzo wa kwanza, nikanyoosha mkono. Askari alikuwa anahangaika na fundo la kitambaa, vidole vimejaa jasho, na katika kuhangaika kule Kibwana akafika. Akaanguka magoti mbele yangu, akanishika kifundo cha mguu.

"Niachie!"

"Niue, lakini nisikilize kwanza." Mate yalimtoka na damu kidogo. "Nimeomba kukimbia ili nikupate. Nimepita nje ya ua wako majuma matatu. Zamda alikuja na unga, akafika hadi mlango wa ua wako akuambie, mbwa wakamfukuza. Hakuna mahali pengine unapofikika, Mwinjuma. Ni humu mbioni tu."

"Sema basi, upesi!"

"Akida anarudi Kwemkole leo. Jua likizama anachukua wa zile nyumba zilizobaki. Nyumba isiyo na mwanamume, anachukuliwa mwanamke."

Askari akakaza fundo. "Tayari. Nenda!"

Sikwenda.

"Mama?" nikasema.

"Rupia sita. Mjomba amezunguka kila mahali amekosa. Tatu aliuza shanga zake, zikapatikana mbili. Mama yako kesho yuko njiani kwenda kwenye mkonge, na miguu yake unaijua."

"Fedha zipo! Ziko nyumbani kwangu, chini ya mtungi! Rupia arobaini! Mtu aende awaambie..."

"Nani? Mimi?" Akanionyesha nyayo zake. Ngozi ilikuwa imechubuka ikaning'inia. "Na hiyo nyumba unayosema haipo. Zimebaki kuta. Ulipoondoka tu, watu walikuja wakachukua makombamoyo yao. Hawakukutukana. Walisema nyumba zao zimekwisha kuhesabiwa, sasa wanazijenga upya, wanahitaji miti."

Nilihisi jua likinipiga utosini, kama niko ndani ya nyumba ileile.

"Wamechukua yote?"

"Yote, isipokuwa moja, la kona. Walimletea mama yako, na yeye ndiye mwenye shida kuliko wote, akawaambia walirudishe juu. Akasema, 'Mwanangu akirudi, asikute hana mtu.'"

Kibwana akaniachia mguu. Alikuwa amemaliza alichotumwa. Akalala ubavu mchangani.

Ilikuwa karibu saa sita ya mchana. Mpagazi mwenye mzigo huondoka Korogwe alfajiri akafika Kwemkole usiku. Tarishi mzuri huchukua nusu siku na ziada. Mimi nilikuwa bora kuliko tarishi yeyote wa nchi ile, lakini mbio za kasi zilikuwa zimekwisha kunikata nusu ya pumzi. Nikienda sasa hivi, bila kusimama kunywa maji, huenda nikaliwahi jua.

Na nikienda, nimevunja kipande, mkataba wangu wa kazi, mbele ya Wazungu wote, siku ya Kaiza. Hiyo ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mnyororo baada yake. Nikirudi stesheni, rupia mia na ishirini ni zangu, na kesho ningeweza kumkomboa mama mara ishirini. Kesho, baada ya kutembezwa na askari usiku kucha.

Mbao za daraja zikalia tena. Habakuki. Akafika, akanyoosha mkono, akafungwa kitambaa, akanitazama mara moja kwa mshangao, akageuka na kuondoka. Ng'ambo ya mto Wazungu wakapiga kelele. Nilimwona Bwana Kengele amesimama juu ya kiti, darubini machoni, mkono mmoja unanipungia kwa hasira: njoo, njoo!

"Wewe vipi?" askari akauliza. "Umeumia?"

Mbele yangu njia ya Handeni, nyeupe kwa vumbi, haina mtu. Nyuma yangu daraja. Nikaishika nguzo ya bendera kwa mikono miwili nikaiambia miguu iende.

Ile miguu niliyomwambia mjomba kwamba ni yangu ikasimama palepale, haijui ni ya nani. Juma lijalo nitawaambia ilishika njia gani.